Upepo wa Makambako kabla ya mipaini

Makambako imekaa mlangoni pa upepo. Upande mmoja zimeinuka safu za Kipengere, upande wa pili Milima ya Udzungwa, na katikati ardhi imeacha uwazi ambao wanabiolojia huuita Pengo la Makambako. Upepo wa kusini-mashariki wa kiangazi hupita hapo. Enzi za utoto wetu, reli ya TAZARA ikiwa bado mpya, kutoka stesheni mpaka inapochepuka barabara ya Njombe palikuwa na nyasi na mashamba yaliyokwisha kuvunwa, miti ya kuhesabu. Kisulisuli kikizaliwa ng'ambo ya reli ulikiona kinakuja tangu mbali, kimesimama wima, mabua ya mahindi yakipanda ndani yake.

Tulibishana sana kinazungukia wapi, kulia au kushoto. Wakubwa nao hawakuwa na jibu moja, na walikuwa sahihi. Visulisuli vya vumbi ni vidogo mno kutawaliwa na mzunguko wa dunia kama vile vimbunga vya baharini, kwa hiyo huzunguka upande wowote.

Bibi yangu alikuwa na elimu yake ya upepo. Akitaka kupepeta maharage hakusimama nyuma ya nyumba, japo huko ndiko kulikuwa na kivuli. Nyuma ya nyumba makapi yaliondoka kwenye ungo, yakajikunja hewani, yakamrudia usoni. Alisogea mbele kidogo ya kona, akainua ungo usawa wa bega, akamwaga polepole. Maharage yalitua mkekani, makapi yakaenda zake kwa jirani. Kona huuchana upepo, na nyuma ya ukuta hewa hujiviringa. Alilijua hilo kwa ngozi ya shavu.

Hesabu ya kujiviringa huko niliikuta baadaye, chuoni Mlimani, Dar es Salaam. Inaitwa vortisiti, na msingi wake uliwekwa na Mjerumani Hermann von Helmholtz mwaka 1858. Unachukua kasi ya upepo kwenye nukta za jirani: tofauti kati ya kulia na kushoto, tofauti kati ya mbele na nyuma. Unagawa kila moja kwa umbali, unatoa moja kwenye nyingine, na unapata jinsi punje ile ya hewa inavyojizungusha. Kwa kuwa hewa ina pande tatu, hesabu inatoa vijenzi vitatu. Kila kimoja ukikizidisha kwa chenyewe, ukajumlisha, ukatafuta kipeuo cha pili, unabaki na namba moja: ukubwa wa vortisiti. Tuliifanya kwa penseli juu ya karatasi ya grafu, kikokotoo pembeni, na gridi ndogo tu ilikula usiku mzima. Lakini kila namba ilipita mkononi. Alama ya kutoa ikitokea, ulijua huku hewa inazunguka kinyume na kule.

Siku hizi kijana ana OpenFOAM, programu ya kuiga mtiririko wa hewa, kwenye kompyuta yake ya mkononi. Tangu 2004 inapatikana bure, na imefungua mlango ambao kwetu ulikuwa umefungwa kabisa. Nafurahi kwa hilo kwa moyo wote. Anaandika amri moja, na mamilioni ya seli yanapakwa rangi, nyekundu pale ukubwa wa vortisiti ulipo juu. Kinachoniuma ni jinsi picha ile inavyosomwa. Nyekundu inaitwa kisulisuli, basi. Na ule ubishi wetu wa kulia na kushoto hauna nafasi humo, maana namba ikishazidishwa kwa yenyewe, alama yake imekwenda.

Nyekundu yenyewe haimaanishi kuna kitu kinachozunguka. Chukua kisulisuli ambacho kiini chake kina nusu kipenyo cha mita 5, na ukingoni upepo unakwenda mita 10 kwa sekunde: vortisiti yake ni 4 kwa sekunde. Sasa chukua upepo ulionyooka kabisa, usiozungusha hata jani, unaopita juu ya shamba kwa mita 4 kwa sekunde kwenye kimo cha mita moja. Pale udongoni hewa imesimama. Tofauti ile ya kasi kwa kimo inatoa 4 ileile. Rangi moja kwa mambo mawili ambayo mtoto yeyote wa Makambako aliyatofautisha kwa macho.

Vipimo vya dhati vya upepo vilikuja mwanzoni mwa miaka ya 2000, Makambako ikiwa bado mkoa wa Iringa, kabla Njombe haijawa mkoa mwaka 2012. Wastani uliopatikana ni mita 8.9 kwa sekunde kwenye kimo cha mita 30, namba ambayo imetajwa kila inapozungumzwa mitambo ya upepo. Ni namba nzuri, ya kasi. Lakini vortisiti inahitaji majirani. Mnara mmoja wa vipimo, hata ukiwa na vipima-kasi kwenye vimo viwili, unakupa kipande kimoja tu cha hesabu: jinsi kasi inavyoongezeka ukipanda. Upepo ulifanya nini pembeni, haujui.

Na ardhi haikusubiri. Mipaini na milingoti imepandwa mpaka kingo za mashamba, Njombe nzima ukiipita unaona mbao na nguzo, na watu wamepata ada za shule humo. Mji wa Makambako umejaa nyumba za bati na maghala. Kila mti na kila kona vinaukwaruza upepo, vinazalisha mizunguko midogo midogo ambayo uwanda ule haukuwa nayo. Juu, kwenye kimo cha mapanga ya mitambo, upepo bado una nguvu. Chini, kwenye kimo cha bega la bibi, ni upepo mwingine. Ningeweza leo kuuchora ule wa zamani: niondoe miti, niondoe nyumba, niache nyasi, niendeshe mwigo. Kompyuta ingenipa majibu kwa kila seli, na hakuna kipimo hata kimoja cha miaka ile, kwenye kimo kile, cha kuyalinganisha nayo.