Moshi Unaenda kwa Nani?

Watu wakisikia mathe anaoka mkate kwa kuni Kawangware, wanadhani ni mambo ya Instagram. Ni tanuri la matofali na udongo, nyuma ya ploti, chini ya kibanda cha mabati kisicho na kuta. Tanuri hilo lilinilipia chuo hadi mwaka wa pili. Karo ilipolizidi mbio nikarudi nyumbani, na siku hizi naandikia watu makala, nalipwa kwa neno.

Miaka yote hiyo moshi ulitokea mdomoni mwa tanuri, palepale mathe anapoingizia mkate. Kikohozi chake tulikizoea kama honi za matatu. Lakini aliyeleta kesi ni mama wa nyumba namba tatu, mwenye mtoto wa miezi saba ambaye kifua chake hulia filimbi usiku. Alimwendea landilodi. Landilodi akatupa hadi mwisho wa mwezi: moshi uishe, au tanuri libomolewe.

Nilitaka tubishane. Mathe akakataa. "Huu moshi mimi nimeuchagua," akasema. "Yule mtoto hajachagua."

Akaita fundi mzee wa jua kali kutoka Kamukunji. Mzee hakuanza na bei. Aliuliza, "Mama, asubuhi upepo hapa huelekea wapi?"

Mimi nilidhani bomba la moshi hutobolewa kwa nyuma, juu ya moto. Mzee alilitaka mbele, nje kidogo ya kuba, juu ya mdomo. Hewa baridi inaingia chini ya mdomo, inalisha moto, inazunguka kuba, kisha moshi unatokea juu ya mdomo huohuo na kudakwa na bomba. Ukitoboa nyuma, joto linapanda moja kwa moja na kuni zinaisha bure. Upana alitaka inchi 6, maana bomba jembamba humrudishia mwokaji moshi usoni.

Keyateka alikuwa na paipu iliyobaki ya maji ya mvua, ile inayong'aa, akatupigia bei ya kutupa. Mzee aliigonga kwa ukucha tu. "Hii imepakwa zinki. Ikipata moto mkali inatoa mvuke, na ukiuvuta unashikwa na homa." Akachomelea bomba la chuma cheusi kisichopakwa kitu.

Kisha paa. Bomba la chuma tupu likipita karibu na mbao, hizo mbao hukauka mwaka baada ya mwaka hadi siku moja zishike moto. Mzee aliacha sentimita 45 kila upande, na boriti moja iliyokuwa karibu akaing'oa, akaweka chuma mahali pake. Tundu la paa akalifunika kwa kola ya bati, si kwa plastiki.

Pesa zilitushinda kwenye urefu. Bomba linatakiwa lipite paa kwa sentimita 90 hivi, na lizidi kwa sentimita 60 chochote kilicho ndani ya mita 3. Kwetu, ndani ya mita 3 ndipo lilipo paa la namba tatu, na liko juu kuliko kibanda chetu. Bomba fupi lingetosha kuokoa macho ya mathe, kisha lingepeleka moshi wote kwa dirisha la yule mtoto. Vipande vya kuongezea vilihitaji pesa za unga. Mathe akakopa chama, tukaoka nusu kwa wiki mbili.

Juu likavishwa kofia ya mvua na wavu wa kunasa cheche, kwa sababu mtaa wa mabati ukishika moto hauchagui mlango. Waya tatu zikalifunga lisiyumbe. Siku tano tukawasha vijimoto vidogo tu, udongo mpya wa maungio ukauke bila kupasuka.

Landilodi alikuja tarehe 30. Akatazama juu, akanusa, akauliza mkate ni pesa ngapi. Notisi hakuifuta wala hakuitaja tena.

Moshi haujaisha. Kuni zikiwa mbichi, au hewa ikilala, unashuka kama zamani. Kwa hivyo kuni sasa zinakaushwa miezi kabla ya kuchomwa. Kila mwezi napanda ngazi kusugua masizi, kwa sababu yakijaa huwaka ndani ya bomba na pia huziba wavu. Msimu wa mvua keyateka alitaka kuzungushia kibanda turubai, mathe akakataa: makaa hutoa gesi isiyo na harufu, na ikikosa pa kutokea inaua. Tunaloa tu.

Mtoto wa namba tatu anatembea sasa. Kifua chake bado hulia usiku mwingine, na hakuna anayejua kama ni sisi, ni vumbi la barabara, au alizaliwa nacho. Mathe hamuulizi mamake. Kila alfajiri hupeleka skonzi mbili mlangoni, kisha hurudi na kutazama ule moshi unaelekea wapi.