Duara la Lawama

Wengi waliopofuka Nairobi tarehe 7 Agosti 1998 walikuwa wamekimbilia madirishani. Kabla ya bomu kulipuka kwenye ubalozi wa Marekani, kilisikika kishindo kidogo, na watu wa maghorofa ya jirani wakataka kujua kulikoni. Vioo viliwakuta hapo hapo. Watu 213 walikufa.

Nilikuwa muuguzi kijana, nikijifunza ushauri nasaha. Miezi ile tuliwapa majeruhi pole, sala na dawa za usingizi. Sidharau pole. Lakini karani mmoja, mama wa makamo, pole zilizidi kumzamisha. Yeye ndiye aliyemwita mwenzake, "Njoo uone!" Mwenzake akafa. Ukimwambia ni mapenzi ya Mungu, alikujibu, "Mungu hakumwita dirishani. Nilimwita mimi."

Mwanasaikolojia aliyetufundisha tiba ya fikra na tabia, aliyoiasisi daktari Aaron Beck kule Philadelphia miaka ya 1960, hakubishana naye. Alichora duara kwenye karatasi.

"Mama, hizi ndizo lawama zote za kifo kile. Tuwagawie wahusika. Wewe tutakuweka mwisho."

Wakawataja: waliopanga shambulio, waliotengeneza bomu, waliolileta kwa lori. Kila mmoja alikatiwa fungu lake. Zamu ya mama ilipofika, palibaki kijipande chembamba kama uzi. Akaulizwa, "Ulipomwita, ulijua nini?"

"Nilidhani ni majambazi wa benki." Akalia sana.

Machozi yale hayakuwa mwisho wa tiba, na hapa ndipo washauri wengi huishia njiani. Fikra zilikuwa zimelegea, lakini miguu bado ilikataa kwenda mjini. Kwa hiyo alipangiwa hatua: kukaa karibu na dirisha la kliniki, kisha dirisha la ghorofani, kisha matatu hadi Moi Avenue, mwishowe kusimama kwenye njia panda ya Haile Selassie, pale bomu lilipolipuka. Nilimsindikiza. Sharti lilikuwa moja: asiondoke hofu ikiwa kileleni, angoje ishuke yenyewe. Ilishuka. Mwaka uliofuata alirudi kazini.

Nimezeeka katika kazi hii, na bado nakutana na watu wa siku ile wasiokaa karibu na kioo. Kama ni wewe, usijiambie umechelewa. Jeraha la miaka mingi nalo hutibika kwa njia hii; mtafute mtaalamu aliyeisomea.