Homa ya Nani?

Neno chanjo limetoka kwenye kuchanja. Tunachanja kuni, tunachanja chale. Mganga alichanja ngozi kwa wembe akapaka dawa. Hata chanjo ya ndui iliingizwa kwa kukwaruza au kudungadunga ngozi, ndiyo maana wazee wetu wengi wana kovu la duara juu ya mkono. Sindano za siku hizi zinatoboa tu, lakini jina limebaki, na pamoja nalo ile hisia kwamba anayechanjwa anajeruhiwa kidogo.

Nililifikiria sana neno hilo mwishoni mwa 2021, maana mimi nilikuwa nimeshakatwa tayari. Nilikuwa na uvimbe wa mafuta nyuma ya bega la kushoto, ukubwa wa kete ya bao. Haukuuma, ila kamba ya mkoba ilikuwa inausugua. Nikachomwa ganzi, ukatolewa, nikashonwa nyuzi nne na kurudi nyumbani kwa daladala. Siku tatu baadaye nilitaka kwenda kuchanja UVIKO-19, ile dozi moja ya Janssen.

Je, mtu aliyepasuliwa juzi achanjwe leo? Kila mtu alikuwa na jibu. Jirani alisema damu yangu bado mbichi. Rafiki mmoja akaniambia eti kinga itagawanyika, nusu iende kwenye kidonda nusu kwenye chanjo, kama mshahara. Mama akapiga simu kutoka Tanga: "Mwanangu, mwili haujapoa unauchokoza tena?"

Mama hakuuliza kwa ajili yangu tu. Ana presha na sukari, na alikuwa hajachanjwa. Tukumbuke mwaka ule ulivyokuwa. Mwanzoni mwake serikali yenyewe ilizitilia shaka chanjo hizi. Tarehe 28 Julai, Rais Samia akachanjwa hadharani Ikulu. Kwa mtu anayesikiliza redio kila asubuhi, kugeuka huko si jambo la kulimeza mara moja. Mama hakuwa anamtazama Rais. Alikuwa ananitazama mimi.

Nikamuuliza daktari aliyenishona. Akasema kinga haigawanyiki kama mshahara, na kupasuliwa kadogo kwa ganzi hakuzuii chanjo. Kama baadhi ya madaktari wanapenda zipite siku chache katikati, sababu ni nyingine: chanjo inaweza kuleta homa ya siku moja au mbili, na kidonda kilichoingiwa na vijidudu nacho huleta homa. Vikikutana, mtabaki kuulizana homa hii ni ya nani. "Wachome mkono wa kulia," akasema, "na kidonda ukitazame kila siku. Kikiwa chekundu, kikipata joto au kikitoa usaha, rudi."

Nikachanjwa mkono wa kulia. Saa tano usiku homa ikaingia, na baridi yake, na viungo kuuma. Upande wa kushoto nyuzi, wa kulia sindano, nikalala kifudifudi. Mdogo wangu akamulika kidonda kwa tochi ya simu. Kikavu, hakina wekundu. Nikameza panadol. Kesho yake jioni homa ilikuwa imekwisha.

Ila kabla haijakwisha, mama alipiga. "Umeamkaje?"

Ningeweza kusema salama. Ningeweza pia kusema homa ni ya kidonda, asingejua, na pengine angekwenda kuchanjwa siku hiyohiyo. Lakini mtu akidanganywa ili achanjwe, homa yake ya kwanza ndiyo itakayomwambia kwamba alidanganywa. Baada ya hapo hatakuamini tena.

Hofu ya sindano si ya kuchekwa. Mtu wa mwisho duniani kuugua ndui kwa maambukizi ya kawaida, mwaka 1977, alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali huko Merca, Somalia. Chanjo ilikuwa karibu naye kila siku. Baadaye alieleza kwamba aliogopa maumivu. Alipona, na miaka mingi baadaye akawa anazunguka kuwashawishi wazazi wawapeleke watoto kwenye chanjo ya polio, akisimulia yaliyompata yeye mwenyewe. Alifariki 2013. Nadhani walimsikiliza kwa sababu hakujifanya kwamba hakuwahi kuogopa.

"Nimepata homa, mama," nikamwambia. "Ya sindano. Kidonda kizima."

Akanyamaza. "Kali?"

"Kali. Ila daktari kasema ni ya siku moja, mbili."

"Homa ya siku mbili!" akasema. "Mimi nimeugua malaria mara ngapi nikiwa na wewe tumboni?"

Wiki iliyofuata alikwenda na jirani yake. Nesi alipotaka kumchoma mkono wenye kovu la ndui, mama akamgeuzia wa pili. Ule, akasema, ushafanya kazi yake.