Barua kutoka Ughaibuni: Mzee Apunguziwe Mzigo, Asipunguziwe Mwendo

Kumwezesha mzee aendelee kutumia mwili wake ni sehemu ya kumtunza, sawa na chakula, dawa na blanketi. Sera ya Taifa ya Wazee ya Tanzania, ya mwaka 2003, inamtambua mzee kuwa ni mtu wa miaka 60 na kuendelea. Katika umri huo misuli hupungua, viungo hukakamaa na mwili huanza kuyumba. Mengine huletwa na umri wenyewe, lakini mengi huletwa na kukaa. Katika utafiti mmoja uliochapishwa Marekani mwaka 2007, wazee waliokuwa na afya njema walilazwa kitandani kwa siku 10 tu; walipoinuka, miguu yao ilikuwa imepoteza karibu kilo nzima ya misuli. Upande wa pili nao umethibitishwa. Mwaka 1990 huko Boston, wazee wa miaka 86 hadi 96 waliokuwa wakiishi katika nyumba ya matunzo walifanya mazoezi ya kuimarisha miguu kwa wiki 8, na nguvu za mapaja yao zikaongezeka zaidi ya maradufu. Kwa hiyo hakuna umri ambao mtu huambiwa amechelewa.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataja mambo matatu kwa watu wa miaka 65 na zaidi. La kwanza ni dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli inayomfanya mtu ahemeke kidogo: anaweza kuzungumza, ila kuimba hawezi. La pili ni mazoezi ya kutia misuli nguvu, walau siku mbili kwa wiki. La tatu, linalosahaulika kuliko yote, ni mazoezi ya kuuzoeza mwili kutoyumba pamoja na yale ya nguvu, siku tatu au zaidi, ili kuzuia kuanguka. Asiyeweza kutimiza kiasi hicho afanye anachoweza, kwani kidogo ni bora kuliko kukaa kabisa.

Nchini Uingereza, uzee ni rahisi kupita ndani ya kuta nne. Maji yako bombani, nyumba hupata joto kwa kubonyeza kitufe, na bidhaa za dukani huletwa mlangoni. Katikati ya Desemba jua la London huzama kabla ya saa kumi jioni, na njia zikiganda barafu hata kijana hutembea kwa hofu. Mzazi aliyeletwa kutoka Afrika kuishi na wanawe, asiyeijua lugha wala majirani, anaweza kumaliza wiki bila kuvuka kizingiti. Hana shamba la kukagua, hana msiba wa jirani wa kuhudhuria, hana mtoto wa njiani wa kumwamkia shikamoo. Mwili hudhoofika kwa kukosa sababu ya kutoka.

Nchi hiyo imelazimika kuzitengeneza sababu hizo kwa mipango. Wazee wa England waliofikia umri unaotakiwa hupanda mabasi bila nauli katika saa zisizo na msongamano. Kila Jumamosi asubuhi, katika mamia ya bustani za umma, watu hukimbia au kutembea kilomita 5 bila malipo chini ya mpango wa parkrun, ulioanzia Bushy Park, London, mwaka 2004. Mwaka 2011 mjini Chesterfield ulianza mpira wa miguu wa kutembea, ambamo mchezaji haruhusiwi kukimbia, na wanaume waliokwisha kutundika daluga wakarudi uwanjani. Kwa walioanguka au wanaoogopa kuanguka upo mpango wa Otago, uliobuniwa New Zealand: mazoezi mepesi ya nguvu na ya kutoyumba yanayofanyika nyumbani, pamoja na kutembea. Majaribio yake yalipunguza kuanguka kwa takriban theluthi moja. Mipango inayodumu ina sifa moja: mzee huwakuta wenzake na hupata muda wa kunywa nao chai.

Shume, juu ya milima ya Usambara Magharibi, hali ni nyingine. Huko mteremko wenyewe ni mazoezi. Anayeshuka kwenye shamba la viazi, kabichi au karoti hana budi kupanda tena kurudi nyumbani. Tanzania ina ushahidi wa faida ya maisha ya namna hiyo: utafiti uliochapishwa mwaka 2017 kuhusu Wahadzabe wa Ziwa Eyasi ulionyesha kwamba hutumia zaidi ya saa mbili kwa siku katika shughuli za kuwatoa jasho, na wazee wao hawakuachwa mbali na vijana.

Hatari inayowakabili wazee wa Shume mara nyingi hutoka kwenye upendo. Mwana aliyeko Leicester au Muscat hutuma pesa ili mama apumzike. Kibarua analima, msichana anachota maji, bodaboda inampeleka sokoni, na mama anabaki jikoni akiota moto. Hapo yapasa kutenganisha mzigo na mwendo. Ndoo ya lita 20 kichwani ni kilo 20, na kwenye njia ya utelezi inaweza kumvunja nyonga; hiyo aondolewe bila mjadala, pamoja na mzigo wa kuni. Lakini kuchuma mboga, kupalilia bustani, kumpelekea ng'ombe majani machache zizini, kwenda msikitini au kanisani kwa miguu, hayo abaki nayo. Pesa ya bodaboda itumike siku ya zahanati au siku ya mvua.

Zoezi la kuanzia halihitaji kifaa. Benchi au kiti imara huegemezwa ukutani. Mzee huketi karibu na ukingo, nyayo zote mbili chini, hulaza kifua mbele kidogo, kisha husimama bila kusukuma kwa mikono, na huketi tena polepole bila kujibwaga. Asiyeweza huanza kwa kujisaidia na mikono. Kigoda kifupi cha jikoni ni kigumu zaidi, hivyo kisubiri miguu ipate nguvu. Baada ya hapo hushika fremu ya mlango na kunyanyua visigino, kisha hutembea kando ya ukuta akiweka kisigino cha mguu mmoja mbele ya vidole vya mwingine, mtu akiwa karibu.

Mazoezi hudumu yakifanywa na kundi. Huko Korogocho, Nairobi, akina bibi wa kundi la Shosho Jikinge hukutana kujifunza mbinu za kujilinda. Katika jimbo la Limpopo, Afrika Kusini, Beka Ntsanwisi aliwakusanya akina bibi wakaunda timu ya soka, Vakhegula Vakhegula. Shume haihitaji kuunda chombo kipya. Kikundi cha kuweka na kukopa, jumuiya ya kanisa au darasa la dini la akina mama vinaweza kutenga dakika kumi kabla ya kikao kuanza.

Tahadhari nazo ni za lazima. Mwenye shinikizo la damu, kisukari au ugonjwa wa moyo aulize kwanza kituo cha afya. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au kuishiwa pumzi ni amri ya kusimama na kutafuta tiba. Katika baridi ya Juni hadi Agosti mwili upashwe moto ndani kabla ya kutoka. Masika yakitelezesha njia, kandambili zibaki nyumbani, bakora ishikwe na hatua ziwe fupi, hasa wakati wa kuteremka. Mlo nao uwe na maharage, maziwa au mayai, kwa kuwa misuli haijengwi kwa ugali mtupu.

Wana wa Shume walioko ughaibuni waendelee kutuma pesa, lakini wasinunue nazo kiti cha kumkalisha mzazi. Wanunue viatu visivyoteleza, wamwekee mshiko imara kwenye ngazi za mlangoni, wamlipie kijana wa kubeba ndoo. Na kila wanapopiga simu, baada ya shikamoo, wamuulize mzazi leo amefika wapi kwa miguu yake na alikuwa na nani.