Betri Zangu Hazikuwa na Kosa

Mimi ni mama Mkongomani, mzaliwa wa Bukavu, mjane, na watoto wangu nawalelea Kampala. Siku zile mkimbizi anayekaa mjini hakuwa akipewa posho kama walioko kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale au Kyangwali; hapa unajitafutia mwenyewe. Nilikuwa nikitembeza vitenge begani, Nsambya, Kibuye, Kabalagala, mpaka Machi 2020, serikali ilipoamuru masokoni wabaki wauza chakula peke yao. Mwezi huohuo shule zikafungwa, na hazikufunguliwa kwa watoto wote hadi Januari 2022. Vitenge vikalala kwenye mfuko, kodi ya chumba haikulala.

Tulipanga Katwe, kwenye mizigo, vyumba vya mstari mmoja, wapangaji wote tukichangia Yaka moja, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla. Ikiisha na hakuna mwenye senti ya kuijaza, giza letu sote. Na simu siku zile ndiyo ilikuwa benki, redio na darasa la watoto. Zamu yangu ya likelemba, mchango wetu wa kupokezana, ilipofika, nikanunua paneli mbili za sola za wati 100, kontrola ya kudhibiti chaji, na betri ya ampea-saa 100, nikaanza kuchaji simu za majirani kwa shilingi 500. Tulikula. Namshukuru Mungu kwa miezi ile ya mwanzo, kwa sababu ilinionyesha kwamba kazi yenyewe inawezekana.

Kisha betri ikaanza kuchoka. Saa sita mchana kontrola iliwasha taa ya kijani kuonyesha betri imejaa. Saa mbili usiku betri imekata, simu za watu ziko nusu. Kabla ya mwaka kuisha ikafa. Niliambiwa betri za siku hizi ndivyo zilivyo, kwamba simu zangu ni nyingi mno. Nikakopa kwenye likelemba, nikanunua ya pili. Nayo ikafuata njia ileile. Niliona haya kukutana na wenzangu wa likelemba, maana deni langu lilikuwa chakula cha watoto wao. Kuna usiku nilisali bila maneno, nimekaa tu kitandani.

Aliyenitoa pale ni fundi mmoja mzee, Mnubi wa Bombo, aliyekuwa akitengeneza redio Katwe na kuzungumza Kiswahili cha zamani kilichonyooka. Nilimpelekea betri aipime. Akauliza, "Binti yangu, kontrola yako iko wapi?" Nikamwambia iko nje, chini ya ukingo wa bati, karibu na paneli, ndivyo alivyoifunga kijana aliyeniwekea sola. Mzee hakuigusa betri. Alichukua mita yake, tukairudisha nyumbani tukaiunganisha tena.

Jua lilikuwa kali. Alipima kwenye kontrola: volti 14.4. Akaingia chumbani akapima kwenye betri yenyewe: 12.9. Volti moja na nusu ilikuwa imepotea njiani, ndani ya mita nane za waya ya milimita za mraba 1.5, ile ya kufungia taa za ukutani. Sijasahau alivyonieleza. Abiria wote wa Old Taxi Park wakilazimishwa kupita mlango mmoja mwembamba, alisema, watafika wote, lakini watafika wamechoka. Ampea zote zinafika kwenye betri. Kinachobaki njiani ni volti, ule msukumo.

Hapo nikaelewa taa ya kijani. Kontrola inapima pale ilipo. Ilijiona imefika 14.4, ikaamini betri imeshiba, ikaanza kupunguza moto, kumbe betri iliyokuwa ikilishwa ilikuwa bado mbali. Betri ya risasi na asidi isiyojazwa wiki baada ya wiki huota ukoko mgumu kwenye sahani zake, na ukoko huo ukikomaa hauyeyuki tena kwa kuchaji. Simu za majirani hazikuua kitu.

Akanifundisha hesabu, na nitaiandika hapa kwa sababu mimi niliyeishia kidato cha tatu naifanya bila shida. Pima urefu wa waya, kwenda na kurudi. Zidisha kwa ampea zinazopita. Zidisha tena kwa 0.0175, ambayo ni kipimo cha ukinzani wa shaba. Gawanya kwa unene wa waya kwa milimita za mraba. Jibu ndilo volti unazopoteza. Yangu ilikuwa mita 16, mara ampea 8, mara 0.0175, gawanya kwa 1.5: karibu volti 1.5, sawasawa na mita yake ilivyosema. Kwenye sola ya volti 12, mzee hakubali upotevu uzidi 0.36, yaani asilimia tatu.

Waya ya 6 peke yake ingeshusha hasara hadi 0.37. Lakini mzee alifanya jambo la akili zaidi: aliihamishia kontrola ndani, nusu mita kutoka kwenye betri. Kwa waya ya 6, hasara upande huo ikawa haifiki hata volti 0.03. Umbali mrefu akauweka upande wa paneli, mita kumi za waya ya 6, maana paneli zina volti za ziada na hasara ya karibu volti 0.47 huko haizuii betri kujaa. Inverta yangu ya wati 300, ambayo ikibeba mzigo wake wote huvuta ampea 25 na zaidi, akaipa waya ya 10, fupi kadiri ilivyowezekana. Na fyuzi akaiweka karibu kabisa na betri, kwa kuwa fyuzi ni mlinzi wa waya: waya zikigusana bila fyuzi, betri inaweza kuichoma nyumba.

Waya tulikwenda kununua pamoja. Duka la kwanza alikwangua uzi mmoja kwa wembe. Juu rangi ya shaba, ndani mweupe. Alumini iliyopakwa. Hiyo hupitisha umeme kama theluthi mbili tu ya shaba halisi, kwa hiyo 6 yake si 6. Tuliirudisha.

Betri ya pili ilikuwa haijakomaa ukoko, ikapona kiasi cha kunifikisha kwenye ya tatu. Hiyo ya tatu nilinunua kwa pesa taslimu. Deni la likelemba nimelimaliza, na shule zilipofunguliwa watoto wangu wote walikuwa na sare. Namrudishia Mungu sifa, na mzee yule nitamwombea maisha yangu yote.

Ndugu yangu, dada yangu, unayetaka kutupa betri: kwanza azima mita. Pima jua likiwaka, kwenye kontrola na kwenye betri. Namba zikitofautiana kwa zaidi ya volti 0.36, pesa yako ipeleke kwenye waya.