Mistari Miwili Myeupe

Waswahili husema bendera hufuata upepo, na methali hiyo hupigiwa mtu asiye na msimamo. Ni kweli kwa kitambaa. Si kweli kwa bendera ya taifa. Upepo waweza kuipeperusha mashariki au magharibi, lakini maana yake haiendi popote ila ikipelekwa na watu. Rangi haina ulimi. Wekundu wa bendera ya Uganda tangu mwaka 1962 ni undugu wa Waafrika. Wekundu wa bendera yetu tangu mwaka 1963 ni damu iliyomwagika katika kupigania uhuru. Rangi ni moja, lakini majirani wawili wameipa maneno mawili.

Hata katika nchi moja maana huweza kukua. Tarehe 26 Julai 1952, Jomo Kenyatta alihutubia mkutano mkubwa wa chama cha Kenya African Union huko Nyeri, akaeleza rangi za bendera ya chama hicho. Nyeusi ilikuwa ya watu weusi. Kijani kilikuwa cha ardhi yenye rutuba waliyopewa na Mungu. Nyekundu ilionyesha kuwa damu ya Mwafrika ina rangi ile ile ya damu ya Mzungu. Basi wakati ule wekundu ulikuwa dai la usawa.

Miezi mitatu haikutimia kabla ya serikali ya kikoloni kutangaza hali ya hatari, tarehe 20 Oktoba 1952. Wako walionyongwa, wako waliouawa misituni, wako waliofungwa kambini. Uhuru ulipopatikana tarehe 12 Desemba 1963, wekundu ulikuwa umekwisha kupata maana nzito zaidi. Rangi haikubadilika; watu ndio waliokuwa wamelipa.

Katika bendera hiyo ya uhuru mlitiwa ngao na mikuki ya kulinda kilichopatikana, na kati ya rangi tatu kuu mkatiwa mistari miwili myembamba myeupe, ambayo ni alama ya amani. Mtu aitazamapo bendera kwa mbali huenda asiione.

Siku moja nilikuwa nikiichora bendera ubaoni kwa chaki za rangi, mwanafunzi mmoja akaniuliza, “Mwalimu, mistari hii ni myembamba mno. Tukiiacha, kuna hasara gani?” Nikampa kifutio, nikamwambia, “Ifute, mwanangu, kisha utusomee kilichobaki.” Alifuta na kuziunganisha rangi, akasoma kutoka juu kwenda chini: “Watu, damu, ardhi.” Akasita. Darasa lilinyamaza. Palipokuwa na amani, sasa watu waligusana na damu, na damu iligusana na ardhi. Alichukua chaki nyeupe, akairudisha mistari yote miwili bila kuagizwa.

Somo hilo nchi yetu ilikwisha kulipata kwa uchungu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, watu zaidi ya 1,000 waliuawa na mamia ya maelfu walifukuzwa makwao. Wakati huo mimi nilikuwa mwanafunzi. Shule yetu ilipofunguliwa, baadhi ya madawati yalikuwa matupu, na wenye madawati hayo hawakurudi. Bendera ilipandishwa mlingotini kama desturi, rangi zake zote zikiwa timamu. Lakini katika vijiji vingi mistari myeupe ilikuwa imefutwa, ikafutwa na majirani waliozoea kuazimana chumvi.

Msomaji kijana, tafakari jambo hili ukisimama mbele ya bendera. Nyeusi hukuichagua, ulizaliwa nayo. Kijani ulikirithi. Nyekundu ililipwa na waliokutangulia, wala hakuna akudaiye uongeze hata tone moja. Nyeupe peke yake haijamalizika kulipwa, na malipo yake si makubwa wala hayana shangwe. Hulipwa pale unapokataa kupokea na kueneza neno la kulitukana kabila la mwenzako. Hulipwa pale unapomsogelea na kumpa nafasi dawatini mgeni ambaye wengine wamemtenga. Ni kazi nyembamba kama mistari yenyewe, na taifa zima limetenganishwa na damu kwa unene huo tu.