Gesi ya Bomba, Umeme wa Ufunguo

Nilifika Leeds, kaskazini mwa Uingereza, mwishoni mwa Septemba 2023, kusoma shahada ya uzamili. Chuo kilikuwa kimenitumia barua nyingi kabla sijaondoka: ya ada, ya kujiandikisha kwa daktari, hata ya aina ya koti la kubeba. Umeme na gesi ya nyumba nitakayopanga havikutajwa popote. Ndiyo maana naandika. Kila mwaka vijana wetu wanakwenda huko, na wengi wanajifunza habari za mita wakiwa kwenye baridi, deni likiwa limeshaingia.

Mimi ni mtu wa Mtwara, na kwetu gesi ni jambo zito. Iligunduliwa Mnazi Bay mwaka 1982. Bomba la kuipeleka Dar es Salaam lilikamilika 2015, baada ya ghasia za 2013 za kulipinga, ambazo mji wetu haujazisahau. Mama yangu mzazi mpaka leo anapikia mkaa, na siku za wageni ndipo unatolewa mtungi wa kilo 6. Kwa hiyo nilipoambiwa kuwa Waingereza wengi wanapata gesi kwa bomba mpaka jikoni, kama maji, nilitamani sana kuiona.

Nilipokelewa na mama mmoja wa Kizanzibari, rafiki wa shangazi yangu, aliyeishi Leeds tangu miaka ya tisini. Nilimwita Mama, naye akaniita mwanangu tangu shikamoo ya kwanza. Nilikaa kwake mtaa wa Harehills huku natafuta nyumba, na niliyoipata ilikuwa mtaa huohuo: nyumba ya matofali mekundu katika safu ndefu, iliyopeana mgongo na nyumba nyingine, bila uani wala mlango wa nyuma. Leeds iliendelea kujenga nyumba za namna hiyo mpaka 1937. Jiko na sebule chini, chumba cha kulala juu, na ukifungua mlango mwembamba kando ya jiko unakuta ngazi za mawe zinazoshuka kwenye chumba cha chini ya ardhi.

Siku ya kukabidhiwa funguo, Mama alikuja nami. Kabla sijatia saini alimgeukia wakala wa nyumba akamwomba cheti cha gesi. Kule mwenye nyumba analazimishwa na sheria kukaguliwa vifaa vyake vya gesi kila baada ya miezi 12, na fundi aliyesajiliwa kwenye Gas Safe Register, rejista iliyoanza 2009. Nakala ya cheti hicho lazima mpangaji mpya aipate kabla ya kuhamia. Wakala alikitoa kwenye faili lake. Mama akasoma tarehe, akasoma namba ya fundi, akaangalia kama kuna kengele ya gesi ya sumu karibu na boila, kisha akanipa ishara nitie saini.

Halafu tukashuka kwenye ngazi za mawe. Mita ya umeme ilikuwa ukutani, juu ya ngazi ya kwanza, na ufunguo wa plastiki umechomekwa ndani yake. Aliyenitangulia alikuwa ameuacha. Nilifurahi, nikadhani nimerahisishiwa kazi, maana kwenye kioo cha mita kulikuwa na pauni chache za salio.

“Usiuguse,” Mama akasema. “Bonyeza kwanza hicho kitufe cha buluu.”

Kila nilipobonyeza, maandishi yalibadilika: salio, bei ya uniti, jumla ya uniti tangu mita ifungwe, na kisha deni. Lilikuwa zaidi ya pauni 80, na pembeni yake kiasi kinachokatwa kila wiki kulilipa. Kwa ufunguo huo, sehemu ya pauni ambazo ningetia ingekuwa inalipa kila wiki deni la mtu nisiyemjua. Mama alinieleza hayo taratibu huku akiwa amekaa kwenye ngazi, mkoba mapajani. Kisha akaniambia nipige picha: mita nzima, namba yake ya usajili, jumla ya uniti, na ukurasa wa deni. Tukashuka hadi chini tukaifanyia hivyohivyo mita ya gesi, ambayo haitumii ufunguo bali kadi. Kwenye hiyo unasoma tarakimu nyeusi za kabla ya nukta tu, nyekundu unaziacha.

Hapo panahitaji maelezo, kwa sababu sisi tuliozoea LUKU, mita yetu ya kulipa kabla, tunajua utaratibu mmoja tu. Nyumbani ni shirika la umeme, Tanesco: nguzo zake, nyaya zake, mita yake, na pesa zinakwenda kwake. Uingereza nayo ilikuwa na mashirika ya umma, lakini la gesi liliuzwa 1986 na ya umeme yakaanza kuuzwa 1990, na ilipofika 1999 kila kaya iliweza kuchagua nani wa kuiuzia. Leo nyaya za Leeds ni za Northern Powergrid na mabomba ya gesi ni ya Northern Gas Networks, na hakuna hata mmoja kati yao anayekuletea bili. Bili inaletwa na kampuni ya tatu, muuzaji, ambaye huenda hana waya wala bomba hata moja mjini. Ukimhama muuzaji, fundi haji wala barabara haichimbwi. Ndani ya siku kama tano za kazi, jina kwenye bili linabadilika na jiko linaendelea kuwaka lilivyokuwa likiwaka.

Mpangaji mpya anaikuta nyumba tayari ina muuzaji. Hii ndiyo sehemu inayowaumiza wageni, kwa kuwa hawaisikii ikitokea. Kuanzia siku unapoichukua nyumba, sheria inakuhesabu kuwa mteja wa muuzaji uliyemkuta, hata kama hujatia saini mahali, hata kama hujui jina lake. Taa inawaka, maji yanapata moto, na hesabu yako imeshaanza. Unachoweza kufanya ni kumtafuta haraka, kumpa tarehe uliyoingia na namba ulizozikuta kwenye mita, ili ya jana yabaki ya jana. Ukinyamaza, anakadiria mwenyewe. Kumpata si kazi: kwa umeme unauliza kampuni ya nyaya ya eneo lako, na kwa gesi kuna huduma ya kutafuta kwa msimbo wa posta.

Tulimpata kesho yake. Nilizungumza na kijana mwenye lafudhi nzito ya Yorkshire, nikamsomea namba kutoka kwenye picha. Akaandika, akaomba nakala ya mkataba wa nyumba, kisha akanitumia namba ya siri ya kupokelea ufunguo mpya kwenye duka la mtaani. Ni duka la kawaida, lenye viazi na simu za mitumba, na mashine ya malipo kando ya kaunta. Mwenye duka aliuchomeka ufunguo kwenye mashine, akapokea pauni kumi, akanirudishia. Nilipoutia kwenye mita ilitoa mlio mfupi, na ukurasa wa deni ukasoma sifuri. Kadi ya gesi ilikuja kwa posta baadaye kidogo, na mpaka hapo nililala kwa Mama.

Moto wa kwanza niliuwasha jioni. Ulikuwa wa buluu, mtulivu, bila moshi, na niliwaza jikoni kwetu, gesi ikipita ardhini kwenda mbali na mama akipepea mkaa. Sitaki kuificha hasira niliyoisikia. Waingereza nao walianza na gesi iliyotengenezwa kwa makaa ya mawe. Ilipopatikana gesi asilia Bahari ya Kaskazini, walizunguka nchi nzima kati ya 1967 na 1977, nyumba kwa nyumba, jiko kwa jiko, wakibadilisha vichomeo ili vipokee gesi mpya. Miaka kumi. Zoezi hilo liliwezekana kwa kuwa iliamuliwa kuwa gesi ya nchi iingie majumbani mwa watu wa nchi.

Kuna tabia moja ya nyumbani niliyolazimika kuibadilisha. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa; ikivuja inakaa sakafuni, ndiyo maana tunafungua mlango na kuifagia itoke. Gesi asilia ya bomba ni nyepesi, inapanda juu, hivyo madirisha ndiyo ya kukimbilia. Zote mbili zimetiwa harufu makusudi, na ukiisikia usiguse swichi yoyote, si ya kuwasha wala ya kuzima. Fungua madirisha, funga gesi kwenye mita kama unaweza kuifikia salama, toka nje, ndipo upige 0800 111 999, usiku au mchana, bure. Umeme ukikatika mtaa mzima namba ni 105. Gesi ya sumu inayotoka kwenye boila mbovu haina harufu kabisa. Ni ileile inayoua watu kwetu waliolala na jiko la mkaa chumbani, na kengele ndogo ile ukutani ndiyo pekee inayoweza kuijua.

Oktoba ilipoingia nikaelewa kuwa huko gesi ni ya joto kuliko ya kupikia. Boila inachemsha maji, maji yanazunguka kwenye radieta za chuma kila chumba. Msimu ule uniti ya umeme ilikuwa kama peni 27 na ya gesi kama peni 7. Wanafunzi wengi wananunua hita ndogo ya umeme kwa kuwa dukani ni rahisi, na wanaishia kulipa joto lilelile karibu mara nne. Mita ya gesi inahesabu mita za ujazo, na kila moja ni kama uniti 11 kwenye hesabu ya pesa. Na tahadhari nyingine: boila inawaka kwa gesi lakini inaendeshwa kwa umeme. Ufunguo ukiisha salio, radieta nazo zinapoa, hata kadi ya gesi iwe imejaa.

Bei hizo zina kikomo kinachowekwa na Ofgem, mdhibiti wa nishati, tangu Januari 2019, na siku hizi kinapitiwa kila baada ya miezi mitatu. Wengi wanadhani kikomo ni cha bili. Ni cha bei ya uniti na cha tozo ya kila siku. Ukitumia zaidi unalipa zaidi. Tozo hiyo wakati ule ilizidi peni 80 kwa siku, umeme na gesi pamoja, nayo inakatwa hata ukiwa hujawasha taa. Anayesafiri wiki tatu anaweza kukuta zaidi ya pauni 15 zimeondoka nyumba ikiwa imefungwa.

Nililifikiria sana lile deni kwenye mita yangu. Mita za kulipa kabla wakati mwingine zilifungwa kwa nguvu kwa amri ya mahakama, mtu akishindwa kulipa bili. Februari 2023 zoezi hilo lilisitishwa baada ya magazeti kufichua jinsi mafundi walivyoingia kwa wanyonge, na lilipokuja kuruhusiwa tena liliwekewa masharti: kwa mfano, zisifungwe kwa nguvu penye mtoto wa chini ya miaka miwili. Ninaona sheria hiyo ilichelewa. Aliyekatiwa umeme kwa bili anaonekana kwenye vitabu vya kampuni. Anayekosa pauni tano za kutia kwenye ufunguo anakaa gizani mwenyewe, na hakuna fundi aliyekuja, hakuna barua iliyoandikwa. LUKU yetu ni hivyohivyo, na ningependa wanaohesabu kaya zilizofikiwa na umeme wahesabu pia saa ambazo kaya hizo zimekaa bila salio.

Nilitumia ufunguo mpaka mkataba wa nyumba ulipomalizika. Siku ya kuhama nilipiga picha mita zote mbili, nikamsomea muuzaji tarakimu kwa simu pamoja na anwani yangu mpya, nikaondoka na ufunguo na kadi ili mpangaji mwingine asivikute. Salio la umeme lililobaki niliomba lirudishwe, na likarudishwa.